Kazi za Mikono Nyumbani: Pedali ya Kushoto

Mtu akaaye Base ya Kamina aijua thamani ya baiskeli, ambayo huku Katanga twaiita kinga. Ndiyo ichukuayo gunia la mahindi au la makaa kwenda sokoni; ndiyo imfikishayo katekista vijijini na mgonjwa kwenye zahanati. Hata hivyo twawaona wengi waiendeshao hali pedali zimekwisha kabisa: mpira umetoka, umebaki mhimili mtupu wa chuma. Mvua inyeshapo mguu huteleza juu ya chuma hicho, na mtoto aliyepakiwa nyuma huanguka pamoja na mzigo. Kubadili pedali ni kazi ndogo, nayo yaweza kufanyika uani. Ila ina siri moja, na asiyeijua huharibu chombo cha jamaa nzima.

Siri yenyewe ni hii. Pedali ya kuume, yaani ya upande wa mnyororo, hufunguliwa kama skrubu nyingine nyingi, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Atakaye kukumbuka kwa urahisi na ashike kanuni hii: spana ikiwa imesimama wima juu ya mhimili, kuivuta kuelekea gurudumu la nyuma ni kufungua, na kuisukuma kuelekea gurudumu la mbele ni kukaza. Kanuni hiyo ni moja kwa pande zote mbili.

Mara nyingi spana ya milimita 15 yatosha. Mwenzako na aishike baiskeli imara, nawe uviweke vidole vyako mbali na meno ya gurudumu la mnyororo. Kama kutu imeshika, tia mafuta usiku, ufungue asubuhi, usikimbilie nyundo.

Kabla ya kununua, chukua pedali ya zamani uende nayo dukani. Baiskeli nyingi zina tundu la sehemu 9 za 16 za inchi, lakini baiskeli za kale za Kifaransa zilikuwa na milimita 14, na macho hayaoni tofauti hiyo upesi. Kisha tazama herufi zilizochorwa mwishoni mwa mhimili: R au D ni ya kuume, L au G ni ya kushoto. Safisha tundu, paka grisi, uanze kuzungusha kwa vidole vitupu, mizunguko mitatu au minne. Pedali ikikataa, itoe uanze tena. Atiaye spana mapema hukata hesi, yaani mifereji myembamba ya ndani ya tundu, naye hatalipa tena bei ya pedali tu, bali na ya mkono mzima wa chuma. Ukiisha kukaza, endesha siku moja, ukaze tena.

Je, kwa nini ya kushoto ikawa kinyume? Kwa kuwa uzito wa mguu, katika kila mzunguko, huusogeza mhimili kidogo sana ndani ya tundu lake. Kama hesi zote zingalielekea upande mmoja, pedali ya kushoto ingalilegea yenyewe njiani. Orville na Wilbur Wright, mafundi wa baiskeli wa Dayton huko Marekani, walitangaza mwaka 1900 pedali isiyoweza kujifungua, iliyofuata njia hiyo hiyo. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao wawili walirusha eropleni yao. Basi sisi tuishio kando ya uwanja huu wa ndege, ambao Wabelgiji walianza kuujenga mwaka 1949, na tusiidharau spana ya baiskeli.

Waalimu na wazazi, lipo neno letu pia humu. Mtu aikutaye pedali ya kushoto imegoma huongeza nguvu, na kila aongezapo nguvu huzidi kuikaza. Ndivyo tufanyavyo kwa mtoto asiyefunguka kama ndugu zake: twaongeza makelele, kisha fimbo, naye azidi kufunga moyo. Labda hakuna ukaidi wowote. Labda ageuzwa upande usio wake. Na tumtazame kwanza.

Mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi, naye Yosefu alimfundisha Mwana kazi nyumbani mwake. Jumamosi hii, baba, mwite mwanao uani, na binti yako vilevile, kwani naye hupanda kinga hiyo hiyo. Usimfanyie kazi yote. Mpe spana mkononi, umwache aanze na upande wa kushoto.