Acha kulisha wembe wako dawa kila asubuhi

Vijana wa mjini wameanza kurudia wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini, na kwangu hiyo ni habari njema. Sisi wenye ndevu za kujisokota tunajua balaa ya zile mashine zenye nyembe tatu au tano zilizopangwa pamoja. Wa kwanza unavuta unywele, wa pili unaukata chini ya ngozi, kisha unywele unajikunja humo ndani. Kesho yake shingo imejaa vipele. Wembe mmoja mkali hukata usawa wa ngozi, basi.

Shida huja makali yakipungua. Hapo ndipo msee anakimbilia dawa ya kunolea, anaipaka kwenye mkanda wa ngozi, anapiga wembe, unaamka. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Msimamo wangu ni huu: hiyo kitu ni dawa kweli, na dawa haigeuzwi ugali.

Tuelewane kwanza ni nini. Ni unga wa kitu kigumu sana uliochanganywa na mafuta au nta. Ile ya kijani kwa kawaida ni oksaidi ya kromiamu, nyekundu ni oksaidi ya chuma, na nyingine ni almasi iliyosagwa. Chembe za ile ya kijani mara nyingi huwa kama nusu maikroni, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Ukiigusa unaona ni laini kama losheni, lakini inakula chuma.

Na wembe unapungua makali vipi kama ndevu ni laini? Mwaka wa 2020, watafiti wa MIT kule Marekani walichapisha utafiti katika jarida la Science. Unywele ni laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, lakini ukikutana na makali kwa pembe mbaya, unamegua vipande vidogo. Makali pia hupinda kidogo kidogo. Ngozi tupu inatosha kuyanyoosha na kuyang'arisha karibu bila kupunguza chuma. Dawa inapunguza chuma. Na kwa kuwa ngozi hubonyea, kila ukipitisha wembe inapanda kidogo nyuma ya makali na kuyaviringisha. Mara chache, hakuna noma. Kila siku, utabaki na wembe unaong'aa kama kioo lakini unang'oa ndevu badala ya kuzikata. Hapo hata upake dawa debe zima, ni kinoo tu kitakachokuokoa.

Kwa hivyo, kila kabla ya kunyoa, tumia ngozi tupu. Vuta mkanda ukaze. Mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate, na ukifika mwisho geuza kwa mgongo. Ukigeuza kwa makali umekata mkanda na kuharibu wembe kwa mpigo mmoja. Wembe ukianza kuvuta ndevu hata baada ya ngozi tupu, ndipo ulete dawa: mizunguko 10 hivi, mkono mwepesi, kisha pumzisha. Dawa iwe na mkanda wake, maana ikishaingia kwenye ngozi haitoki. Futa wembe vizuri kabla ya kurudi kwenye mkanda safi. Na tafadhali, dawa ya meno au ile ya kung'arishia vyuma si mbadala. Hujui chembe zake zina ukubwa gani.

Najua wapo watakaoniambia wanatumia almasi kila siku na wembe uko fiti. Sawa, lakini wengi wao huipaka kwenye ubao ulionyooka, usiobonyea kama ngozi, na mkono wao ni mwepesi. Kuiga dawa yao bila kuiga ubao na mkono wao ni kujidanganya.

Kuna jambo zito zaidi. Dawa ya kunolea haiui viini. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja, na mkanda wake vilevile, kwa sababu ngozi huwezi kuichemsha. Damu kidogo tu inaweza kubeba HIV au homa ya ini aina ya B. Usimwazime beshte wala ndugu yako. Na ukienda kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe ukiona. Si kiburi, ni haki yako.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo sitakuhubiria subira ya darasani. Nakwambia tu hesabu ya mfuko: wembe mzuri wa Solingen au Sheffield unaweza kukuzika ukiwa bado mzima, ama uumalize mwenyewe kwa tabia ya kutaka makali ya haraka. Husemwa mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Kabla ya kununua kopo lingine la dawa, umeshawahi kuupa wembe wako wiki mbili za ngozi tupu peke yake?