Mlima wa Kwenye Gemu Nao Ni Mlima

Hapa Kiganjo, mtoto akionekana ameinamia simu anacheza gemu, hukumu hutoka papo hapo: amepumbaa, dunia imemshinda. Nimeisikia kanisani, nimeisikia kwenye matatu ya kwenda Nyeri mjini, nimeisikia katika mikutano ya wazazi shuleni. Naipinga. Wengi wanaoitoa hawajawahi kuketi kando ya mtoto wakatazama anachokitazama.

Mimi niliketi. Likizo ya Agosti mpwa wangu alinionyesha Minecraft, gemu iliyotoka rasmi mwaka 2011, ambayo humuumbia mchezaji ulimwengu wake mwenyewe: misitu, bahari, milima ya theluji, mapango chini ya ardhi. Hakuwa akipigana na yeyote. Alikuwa akichimba mwamba tu, polepole, mpaka ukuta ukatoboka na mbele yetu pakafunguka pango kubwa, maji yakiporomoka upande mmoja na mto wa moto uking'aa gizani upande wa pili. Akanyamaza. Kisha akaninong'oneza, kama mtu aliye msituni usiku: "Mjomba, hapa hakuna mtu amewahi kufika."

Mnong'ono ule ndio ninaoutetea. Mshangao wa namna hiyo ni adimu, na sisi watu wazima tumeuacha upotee. Mlima Kenya, mita 5,199, umesimama hapa juu yetu. Alfajiri huonekana wazi kabla mawingu hayajaufunika, nasi tunautupia jicho kujua kama mvua itakuja, basi. Wengi wetu tumezeeka bila kufika hata kwenye lango la Naro Moru. Halafu tunasema ni mtoto asiyetaka kuijua dunia!

Tusikilize kisa cha majirani zetu wa Nanyuki. Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini. Hawakukimbilia kwao, walikwenda kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge. Ramani ya maana hawakuwa nayo. Mojawapo ya vitu walivyotegemea ni picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Barsotti aliugua, lakini wenzake wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao kupokea adhabu. Nani atasema picha ile ya mkebe iliwapumbaza?

Na njia hiyo, ya kutoka kwenye picha hadi kwenye kitu halisi, hupitika pande zote mbili. Mbunifu wa gemu Shigeru Miyamoto, akiwa mtoto huko Japani, aliwahi kukuta pango katika matembezi yake, akaingia ndani na taa. Hisia ya siku ile ndiyo aliyoitia katika The Legend of Zelda, gemu ya mwaka 1986. Pango la kweli lilizaa la kwenye skrini. La kwenye skrini linaweza kumrudisha mtoto kwenye la kweli, iwapo kuna mtu mzima wa kumshika mkono.

Sitetei kila kinachoitwa gemu. Mashine za kamari zinazomeza sarafu za vijana wetu madukani si mchezo, ni mtego, na anayeziweka kapu moja na ulimwengu wa mpwa wangu anawaonea watoto. Mtoto anayecheza hadi usiku wa manane naye apelekwe kulala. Hilo ni jambo la malezi, nalo ni letu.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamnyang'anya simu, muulize: "Umegundua nini huko leo?" Msikilize mpaka amalize. Kisha Jumamosi muamshe saa kumi na mbili asubuhi, mtoke nje pamoja, muutazame mlima kabla haujafunikwa. Atakuuliza njia ya kuupanda iko wapi. Uwe na jibu.