Kupunguza RF Si Kujitia Uziwi

Fundisho hili mmelisikia, wasomaji, nanyi ndio waamuzi: fungua kitufe cha RF, yaani cha ukuzaji wa mawimbi yanayoingia, hadi mwisho, weka AGC kwenye mwendo wa polepole, kisha kazi yako ibaki kuongeza na kupunguza sauti. AGC ni ule udhibiti wa ukuzaji unaojiendesha wenyewe ndani ya redio; Mmarekani Harold Wheeler aliubuni mwaka 1925, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wanaoudai kazi isiyo yake.

Wanadai kwanza kwamba AGC huinua stesheni dhaifu. Kwa haki yao, stesheni yenye nguvu ikinyamaza, ile dhaifu hupanda hadi ikasikika. Lakini mikwaruzo hupanda nayo, tena kwa kiasi kilekile. AGC hushusha ukuzaji mawimbi makubwa yanapoingia na kuuachia yanapotoka, basi. Uwiano wa mawimbi na kelele unabaki vilevile ulivyoingia kwenye antena. Ndiyo maana mzungumzaji wa SSB (mawasiliano ya sauti ya ukanda mmoja wa pembeni) akivuta pumzi, kelele hujaa chumbani.

Hoja wanayoitegemea zaidi ni hii: ukipunguza RF unakuwa kiziwi, na ushahidi ni mshale wa mita ya S, unaopanda kadiri kitufe kinavyorudishwa. Ukizidisha, kweli utazizika stesheni dhaifu, hilo nawapa. Ila ushahidi wao unawageuka. Katika redio nyingi mita hiyo husoma voltiji ya AGC, na kitufe cha RF huingiza voltiji yake kwenye njia hiyohiyo. Mshale ukipanda, angani hakuna kilichobadilika. S9, yaani maikrovolti 50 kwenye masafa mafupi, ina maana pale tu kitufe kikiwa wazi kabisa. Sasa tazameni mgongano. Usiku, kwenye megahezi 7, kelele za mjini mara nyingi huushika mshale kwenye S6 au S7 bila stesheni yoyote. Maana yake AGC imekwisha kupunguza ukuzaji, kimyakimya, na hakuna anayelalamika. Mkono ukipunguza kiasi kilekile, ndipo tunaambiwa habari za uziwi! Kama kupunguza ni kosa, wote wawili wana hatia. Tafuteni sehemu tupu ya bendi, rudisheni kitufe taratibu hadi kelele ianze tu kushuka, simameni hapo. AGC sasa itashughulika na kinachoizidi kelele, na kelele haitafura kati ya maneno.

Kwamba mwendo wa polepole unafaa siku zote, nalo halisimami. Kwa SSB kwenye bendi tulivu unafaa, sikatai. Lakini nchi za tropiki zina radi. Kila mpasuko hushusha ukuzaji ndani ya milisekunde chache, na AGC ya polepole huweza kuchukua sekunde nzima au zaidi kuurudisha. Morse ya maneno 20 kwa dakika ina nukta ya milisekunde 60. Neno zima ni sekunde 3. Hesabuni wenyewe ni herufi ngapi zimemezwa.

Si radi pekee inayoshusha ukuzaji; stesheni jirani yenye nguvu hufanya hivyo pia. Hapo hujibu: nina kichujio chembamba, jirani hanigusi. Kichujio kipi? Kikiwa upande wa sauti, baada ya AGC kuchukua kipimo chake, jirani usiyemsikia ndiye anayeamua ukuzaji wako. Dalili yake ni stesheni unayoisikiliza kuzama na kuibuka kwa mdundo wa mtu asiyesikika. Kichujio cha kukusaidia ni kile kilicho kabla ya AGC.

Wako pia wa upande wa pili, wanaoizima AGC kabisa na kuuita huo ustadi. Kwa Morse dhaifu kwenye bendi tupu, sawa. Lakini akitokea jirani mwenye desibeli 60 zaidi, hiyo ni voltiji mara 1,000, na kikomo pekee kilichobaki ni uwezo wa kikuza sauti. Anayetaka kuizima ashushe RF kwanza, asikiachie kitufe hicho, na hedifoni aziweke mbali kidogo na masikio.