Ubaya wa Zola haukuanzia kwenye chuma

Arnim Zola, mwanabiokemia wa Uswisi ambaye Jack Kirby alimbuni mwaka 1977 katika vibonzo vya Captain America, aliuacha mwili wake wa kuzaliwa akajiundia wa roboti: sura yake inaonekana kwenye skrini kifuani, na mahali pa kichwa imekaa kamera. Umbo hilo linatisha, nami nadhani hapo ndipo ilipo raha ya kulitazama. Lakini anayeamini kwamba chuma ndicho kilichomharibu ameisoma hadithi kinyumenyume, kwani Zola aliwatumikia Wanazi akiwa bado nyama na damu. Katika filamu ya Captain America ya mwaka 2014 hana hata mwili. Akili yake imehifadhiwa kwenye kompyuta kuukuu, chini ya ardhi huko New Jersey. Hapo ndipo anapokuwa hatari zaidi, kwa sababu ametunga programu inayochambua kumbukumbu za benki na za matibabu ili kuchagua watu wa kuuawa kabla hawajatenda lolote.

Atakayepinga atamtaja Darth Vader, mwovu wa filamu za Star Wars, akidai kwamba mashine humwondolea mtu utu. Mfano huo unamgeuka mwenyewe: katika filamu ya mwaka 2005, Vader anawaua watoto hekaluni kabla ya kuungua na kuvishwa ile deraya. Shujaa wa vibonzo Tony Stark naye anaishi na kifaa kifuani, na tunampigia makofi. Wanaoumizwa na kosa hili la usomaji si wahusika wa kubuni. Ni watu wenye miguu ya bandia, wanaokodolewa macho kama vitisho.