Tuandike majina ya watoto walio kibaruani

Katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington zimehifadhiwa picha zaidi ya 5,000 za watoto walioajiriwa viwandani, migodini, mashambani na barabarani mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingi zilipigwa na mtu mmoja, Lewis Hine, aliyekuwa mwalimu wa shule jijini New York kabla ya kuiweka chaki chini mwaka 1908 na kuajiriwa na Kamati ya Kitaifa ya Ajira ya Watoto, shirika lililoundwa mwaka 1904 ili kuwatetea watoto hao. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu wa isimu hapa Nchiru baadhi ya picha hizo, na kila mwaka huulizwa swali lile lile: somo la lugha linahusiana vipi na picha za watoto wa Kizungu waliokwisha kufa?

Linahusiana sana. Hine hakuzipiga picha hizo na kuziacha bubu. Kila alipoweza, aliandika jina la mtoto, umri wake, mahali alipofanyia kazi, saa zake za kazi na ujira wake. Wenye viwanda hawakumtaka, kwa hiyo aliingia kwa hila, mara akijifanya muuza Biblia, mara mkaguzi wa moto, mara mpiga picha wa mashine. Kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, kwa maana alikwisha kujua kila kifungo kiko umbali gani kutoka ardhini, na maelezo aliyaandika kwa siri, mkono ukiwa mfukoni. Mtoto akidai ana miaka 14 ilhali kichwa chake chafika kifungo cha tatu, koti lilitoa ushahidi wake.

Picha inayowagusa wanafunzi wangu kuliko zote ni ya msichana mmoja aliyesimama peku kando ya mashine ya kusokota nyuzi huko North Pownal, jimbo la Vermont, mwezi Agosti mwaka 1910. Wenzake walisema ana miaka 10. Yeye mwenyewe alikiri kuwa na 12. Alieleza kwamba alianza kazi hiyo wakati wa likizo ya shule na kwamba sasa atabaki papo hapo. Naomba msomaji azingatie kauli hiyo. Hakuna aliyemfukuza shule wala aliyemteka nyara. Likizo iliingia, kazi ikaanza, likizo ikaisha, kazi ikaendelea. Mwalimu yeyote aliyefundisha Igembe, Tigania au Mbeere anaijua hadithi hiyo bila ya kwenda Vermont.

Msichana huyo Hine alimwandika kwa jina la Addie Laird. Jina lake halisi lilikuwa Addie Card. Kosa hilo dogo la tahajia lilimficha kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Shirika la Posta la Marekani liliitia picha yake katika stempu, na lilikuwa halijui yeye ni nani. Watafiti walipomtambua baadaye kupitia kumbukumbu za sensa, iligunduliwa kwamba alifariki mwaka 1993, akiwa bibi kizee wa miaka tisini na ushei, bila ya kupata habari kuwa sura yake ya utotoni ingekuwa mashuhuri hivyo.

Kabla ya Hine alikuwapo Jacob Riis, mwandishi wa magazeti mzaliwa wa Denmark, ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwaonyesha matajiri wa New York jinsi maskini wa jiji lao walivyoishi. Riis aliwapiga picha wavulana wasio na makwao wakiwa wamelala kwa kurundikana vichochoroni. Picha hizo zinasikitisha, ila wataalamu wanakubaliana kwamba wavulana hao walipangwa na kuombwa wajifanye wamelala. Majina yao hayakuandikwa. Waliitwa kwa jumla “Waarabu wa mitaani”, kama kwamba mtoto wa New York akikosa pa kulala anageuka kuwa mtu wa taifa jingine, mhamaji wa jangwani asiyetuhusu. Neno moja tu, na jamii imekwisha kunawa mikono.

Sisi nasi tunayo maneno yetu. Mtoto alalaye nje ya maduka mjini Meru, Embu au Nairobi tunamwita chokoraa. Asili yake ni kitenzi kuchokora, yaani kudukuadukua kwa kijiti au ncha ya kisu, na bila shaka tulimwona mtoto akichokora mapipa ya taka tukaona jina linamfaa. Wingi wake ni machokoraa, sawa na majambazi na makahaba. (Mwanafunzi mmoja alinikumbusha kwamba mawaziri nao huchukua kiambishi hicho hicho, nami sikuwa na la kujibu.) Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliwahesabu watu wanaoishi mitaani, wakubwa kwa wadogo, ikapata 46,639. Hesabu hiyo ni ya manufaa na ilipaswa kufanywa mapema zaidi. Hata hivyo, yaone magazeti yetu: picha ya mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni, na chini yake maneno mawili, “chokoraa jijini”. Picha ya ng'ombe aliyeshinda katika maonyesho ya kilimo huwa na maelezo marefu kuliko hayo.

Neno la pili ni toto. Walowezi wa Kizungu walimwondolea mtoto kiambishi chake cha kiutu, wakamfanya “toto wa jikoni”, mvulana wa kuosha sufuria na kukata kuni. Neno la tatu ni kibarua, na hili ndilo linaloniumiza zaidi kama mwanaisimu. Kibarua ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa huko Unguja na pwani kuwa thibitisho la kazi yake. Taratibu jina la karatasi likahamia kwa binadamu aliyeishika. Mtu akawa cheti chake. Leo tunasema mtoto “amekwenda kibarua” na hatusikii tena uzito wa tulilolisema.

Wasomaji wengine watanena kuwa habari za Marekani ni za Marekani. La hasha! Mwaka 1938 una mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Huko Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1916 ya kuzuia ajira ya watoto kubatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, ndipo hatimaye ilipopitishwa sheria ya kazi iliyodumu. Ilichukua miaka 30 tangu Hine aanze safari zake, naye alikufa mwaka 1940 akiwa fukara. Mwaka huo huo wa 1938, kasisi wa Kanisa la Anglikana katika eneo la Nyanza, Walter Edwin Owen, alikuwa akiandika kwa magazeti ya Uingereza kulalamika kwamba sheria ya Kenya iliruhusu mtoto wa miaka 10 kuajiriwa, na kwamba watoto walikuwa wakitumikishwa kwa wingi, hasa katika mashamba ya majani chai. Serikali ya kikoloni ilitahayari, ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Watoto wa Kericho hawakuwa na Hine wao. Ukitaka kuwaona leo utawakuta katika ripoti, wakiwa tarakimu.

Sasa tuje nyumbani. Kutoka Nchiru hadi milima ya Nyambene si mbali. Huko miraa ndiyo karo, ndiyo nyumba ya mawe, ndiyo harusi, na mimi si miongoni mwa wanaoiombea ife. Lakini miraa ina tabia zake. Lazima ifike sokoni ingali mbichi, kwani baada ya siku mbili hivi thamani yake huporomoka, na kwa hiyo huchumwa alfajiri na mapema, hufungwa katika majani ya migomba na kuondoka kwa magari yaendayo kasi ya kutisha. Matawi yake yenye machipukizi mororo ni membamba. Mwili mwepesi ndio unaofaa kuyapanda, na mwili mwepesi ni wa mvulana wa miaka 11 au 12. Wakati wa kiangazi, miraa inapoadimika na bei ikapanda, mvulana huyo anaweza kurudi nyumbani na pesa zinazomfanya amtazame mwalimu wake kwa jicho la huruma. Mambo ni hayo hayo kwa muguka wa Mbeere, na kwa kiasi fulani kwa kahawa na majani chai ya Imenti na Embu, ingawa kahawa haina haraka hiyo ya alfajiri.

Sheria tunazo tele. Kenya iliridhia Mkataba wa 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1979 na ule wa 182 mwaka 2001. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na kumruhusu wa kati ya miaka 13 na 16 kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kumkinga na kazi za unyonyaji. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyarudia. Udhaifu ni ule ule ulioiandama sheria ya Marekani ya mwaka 1938, iliyofunga milango ya viwanda na kuacha mianya mipana mashambani. Kiwanda kina lango, na mkaguzi aweza kusimama langoni. Shamba la mjomba halina lango.

Papa hapa ndipo ninapopingwa na wazee ninaowaheshimu. Husema: sisi sote tulichunga mbuzi, tulichuma kahawa, tulibeba maji, na ndiyo maana tulikua watu. Kweli tupu. Mimi pia nilichuma kahawa nikiwa mdogo na sikudhurika. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini tulichuma Jumamosi, na Jumatatu mwalimu alitukuta darasani. Mtoto anayemsaidia mama yake baada ya shule analelewa. Mtoto ambaye mfanyabiashara anamtegemea kila Jumatatu alfajiri ameajiriwa, hata kama mfanyabiashara huyo ni baba yake mdogo, na hata kama sote tunalitumia neno kusaidia. Kitenzi hiki, kusaidia, kimebebeshwa mizigo isiyo yake. Chini ya kivuli chake tumewaficha watumishi wa nyumbani wa miaka 13 waliotolewa vijijini na kupelekwa Nairobi kwa “shangazi” ambaye si ndugu ya baba wala jirani yake.

Ninalopendekeza halihitaji kamera. Linahitaji rejista ya darasa. Mwalimu huweka alama ya kutokuwepo, na mwisho wa muhula alama hizo hujumlishwa kuwa asilimia. Sababu haiandikwi, ama huandikwa “utoro”, neno linalomtwika mtoto lawama yote. Wanafunzi wangu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha huwaomba wanikaririe majibu waliyopewa walipouliza aliko fulani. Yuko shambani. Ameenda na gari la mjomba wake. Anamlea mdogo wake, mama yuko sokoni. Walimu wa shule hizo waliyajua hayo yote, wala halikuandikwa hata moja. Hine alikuwa mwalimu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika kile ambacho kila mtu mjini alikijua: jina, umri, kazi, saa, malipo. Hata kosa lake la Laird badala ya Card linatufunza kuliandika jina sawasawa, kwa herufi zilizo katika cheti cha kuzaliwa.

Majina hayo yasichapishwe magazetini. Zama za Hine zimepita; mtoto wa leo ana haki ya kutotangazwa, na simu za mkononi zimewafanya wageni wengi wa hisani kuwa akina Riis wapya, wakimpanga mtoto mbele ya ukuta uliobomoka ili alie vizuri. Kama ni picha, nawapendelea watoto wa Mathare waliopewa kamera ndogo za plastiki mwaka 1997 wapige wenyewe maisha yao. Kazi zao zilitolewa kitabuni mwaka 1999 kwa jina la Shootback, na humo mtoto ndiye mwenye jicho na ndiye mwenye maneno.

Rejista ibaki shuleni, chini ya mwalimu mkuu. Iongezwe safu moja ya sababu, ijazwe kwa maneno yale yale aliyoyasema mtoto au mzazi, bila ya kuyalainisha. Kila mwisho wa mwezi bodi ya shule isomewe orodha hiyo kwa sauti, jina baada ya jina, chifu akiwa ameketi humo. Katika bodi hizo, kwetu huku, huwamo pia wenye mashamba ya miraa.