BETRI HAZIFI KIFO CHA MUNGU

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji wote wa Katonga,

Mkutano mkuu unakaribia na suala la betri limo. Maneno yameshaanza huko mwaloni. Kundi la kwanza linasema ushirika utoe fedha, zinunuliwe betri mpya za taa za kuvulia, kwa kuwa hizi zilizopo zimekufa. Kundi la pili linasema chaja na inveta za kuundwa na vijana wetu zipigwe marufuku, ati ndizo zinazoua betri. Sisi wa gazeti hili la ukutani tunasema makundi yote mawili yana haraka. Kabla ya kununua na kabla ya kukataza, tupime kwanza.

Enzi za karabai mambo yalionekana kwa macho. Taa ikizimika unajua mafuta yameisha, au soksi imepasuka. Umeme hauna uso. Betri iliyoshiba na betri yenye njaa zimekaa pale ukutani zinafanana kama pacha. Ndio maana mtu anasema "imekufa", kumbe ina njaa tu. Na nyingine imekufa kweli, lakini haikufa kifo cha Mungu. Ipo sababu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtumbwi una taa za jumla ya wati 60. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 5. Taa zinawashwa saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri, yaani saa 10. 5 mara 10 ni 50. Basi betri ya gari iliyoandikwa 50 imekamuliwa mpaka tone la mwisho kwa usiku 1! Betri ya gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Iliundwa kupiga mashine teke moja la nguvu, kisha ijazwe papo hapo. Ukitaka ikae miaka, usile zaidi ya nusu yake. Mtumbwi wenye taa hizo unataka betri ya 100, au upunguze taa.

Asubuhi betri hiyo inafikishwa kwenye sola. Paneli ya wati 50, jua likiwa kali hasa, inatoa kama ampea 3. Kurudisha 50 zilizoliwa kunahitaji karibu saa 17 za jua kali, nalo jua la namna hiyo kwa siku ni kama saa 5 tu. Siku 3 zinapita na kazi bado. Lakini jioni ileile mvuvi amekuja kuchukua betri yake aende ziwani. Inarudi kazini na njaa. Kesho tena, keshokutwa tena. Mbeba mizigo ukimnyima chakula wiki nzima, akianguka utasema kauawa na mzigo?

Halafu inakuja mbalamwezi. Vyombo vinapumzika, na betri inatupwa kona ya nyumba ikiwa tupu. Ikikaa tupu, sahani zake za risasi zinashika ukoko mweupe, na ukoko huo ukikomaa hautoki tena. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Muda kama huo unatosha kabisa kumaliza betri iliyoachwa tupu. Dawa yake haina gharama: jaza kwanza ndipo uiweke, na kila mwezi uikumbushe chaji.

Sasa tuje kwa vijana mafundi. Kijana anayechukua transfoma ya mashine iliyokufa, akaunga daiodi 4, akapata chaja ya betri, huyo anastahili heshima. Kujitegemea ndiko huko. Kosa la chaja hiyo ni kwamba haijui kusema "basi". Betri ya maji ikichajiwa inafaa ifike kama volti 14.4, kisha ishushwe mpaka kama 13.6 ya kuishikilia. Chaja isiyo na kizuizi inapanda 15, inapanda 16. Maji yanatoa mapovu kama yanachemka, sahani zinabaki wazi, na hewa inayotoka inalipuka kwa cheche ndogo tu ya sigara. Kwa hiyo dawa ni kuifunga kizuizi, yaani kontrola, na kuchajia mahali penye hewa. Hakuna haja ya kuivunja. Isipokuwa betri za lithiamu: hizo zina chaja yake, zisichomekwe kabisa kwenye chaja ya betri ya maji.

Kuna na kelele za inveta. Mtu anakwambia, "Betri imejaa, lakini inveta inalia na kuzima. Fundi kaniuzia bovu." Ngoja kwanza. Mzigo wa wati 300 kwenye volti 12 unavuta ampea 25, na ukiongeza hasara ya inveta yenyewe ni karibu 30. Waya mwembamba wa 2.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, unakula kama volti 2 njiani. Betri ina 12.5, inveta inapokea 10 na kitu. Lazima ilie! Fundi atabadilisha vipuri mpaka mfuko wako uishe, na bado italia. Washa mzigo, pima kwenye vichwa vya betri, halafu pima pale waya unapoingia kwenye inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, mgonjwa ni waya au viungio vyake. Weka waya mfupi na mnene, safisha vichwa vya betri, kaza. Na anayetaka kuchaji simu tu, inveta ya nini? Atumie chaja ya simu ya kwenye gari, inatoka volti 12 moja kwa moja, haipotezi umeme kwa mzunguko mrefu.

Jambo linalotutisha kuliko yote ni fyuzi. Fyuzi ikikatika, mtu anafunga uzi wa shaba na kusema "imepona". Haijapona, imenyamazishwa. Waya ukigusana, betri ya maji inaweza kumwaga mamia ya ampea mara moja, waya ukawaka kama utambi. Fikirini moto huo ndani ya mtumbwi wa mbao, usiku, katikati ya ziwa, na pembeni kuna dumu la petroli ya mashine. Utakimbilia wapi? Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, ya kiasi kinacholingana na waya. Kipande kidogo hicho ndicho kinachowarudisha watu kwa watoto wao.

Na ile betri iliyokufa kweli isipasuliwe uani kuyeyusha risasi ya nyavu. Risasi ni sumu, na inamharibu zaidi mtoto, akili na mwili. Wenzetu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hairudishi damu safi. Maji makali yake nayo yasimwagwe ziwani tunakochota ya kunywa. Yakimwagika chini, nyunyiza magadi, kisha osha kwa maji mengi.

Basi tunapendekeza mkutano upitishe haya:

1. Inunuliwe mita ya kupimia, ikae banda la kuchajia. Betri ipumzike saa chache bila mzigo, ndipo ipimwe. Ikionyesha 12.6 na kuendelea imeshiba, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 ina njaa. Kila kipimo kiandikwe daftarini, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

2. Kila chombo na kila chaja viwe na fyuzi ya kweli. Kisicho na fyuzi kisipewe betri.

3. Chaja na inveta za vijana zikaguliwe, zenye upungufu zitengenezwe. Vijana 2 wachaguliwe kuwa wakaguzi, walipwe posho.

4. Betri ziongezwe maji safi ya betri peke yake. Maji ya ziwa yana chumvi zake hata kama ulimi hauzionji.

5. Betri zilizokufa zikusanywe pamoja, ziuzwe kwa wanunuzi wenye kibali.

Bei ya betri 1 mpya inatosha kununua mita na fyuzi za mitumbwi mingi. Baada ya miezi 2 ya daftari tutajua zipi zimekufa na zipi zilikuwa na njaa, ndipo tununue kwa hesabu. Kuleta betri mpya leo na kuzitia katika maisha yaleyale ni kujaza maji kwenye tenga. Fedha hiyo imetoka kwenye jasho la wavuvi, na kwenye migongo ya akina mama wanaoinama juani kuanika dagaa. Haifai kupotea hivihivi.

Asiyekubaliana nasi aje mkutanoni na hesabu yake, tutamsikiliza.

PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE.
USHIRIKA NI NGUVU.