Kufuta Akaunti Si Kusafisha Kompyuta

Mwandishi aliyedai kwamba, kati ya jaribio moja la seva ya barua pepe na jingine, inatosha kufuta akaunti kwenye Thunderbird na kuifungua upya, anawapotosha mafundi. Akaunti ni sehemu ndogo tu. Mabaki yamo kwenye folda ya wasifu, ambayo yeye hakuitaja hata mara moja.

Chukua faili liitwalo cert_override.txt. Ukikubali kwa kudumu cheti cha usalama kisichoaminika cha seva ya majaribio, Thunderbird huandika ruhusa hiyo humo. Unafuta akaunti, ruhusa inabaki. Seva ikirudi na cheti kilekile kibovu, kompyuta yako inanyamaza, nawe unaandika kwamba jaribio limefaulu. Siku ya uzinduzi watumiaji wanakumbana na onyo, na simu hazikatiki. Ulichopima ni kumbukumbu ya kompyuta yako, si seva.

Anasema kuanza upya kila mara ni kupoteza muda. Sikubaliani naye hata kidogo. Tumia mashine pepe: sakinisha mfumo na programu, usifungue akaunti yoyote, hifadhi nakala ya hali hiyo, kisha irejeshe kila jaribio linapokwisha. Asiye na uwezo huo aendeshe thunderbird -P na kuunda wasifu mpya. Kwa Outlook, akague pia nywila zilizohifadhiwa na Windows kwenye Credential Manager.

Mafundi wenzangu, msitie saini ripoti ya jaribio lililofanywa kwenye kompyuta yenye mabaki ya jana.